Bodi, Chesisi na Suala la Utambulisho

Bodi ya gari la saluni inapofungwa juu ya chesisi, yaani fremu ya chuma inayobeba injini, giaboksi na ekseli, ya pikapu inayoendeshwa kwa magurudumu yote manne, huzuka swali la utambulisho: je, kilichopatikana ni saluni ile, ni pikapu ile, au ni kitu cha tatu?

Plutarch, mwandishi wa kale wa Kigiriki, alilihifadhi swali linalokaribiana na hili katika habari za merikebu ya shujaa Theseus, ambayo mbao zake zilizooza zilibadilishwa kidogo kidogo. Lakini huko mabadiliko ni ya polepole, ilhali hapa vitu viwili vyenye historia mbili huunganishwa. Mwanafalsafa Aristotle alitofautisha maada, yaani kile ambacho kitu kimefanyizwa kwacho, na umbo, ambalo si sura ya nje tu bali ni mpangilio unaokipa kitu kazi yake. Kwa kipimo hicho, chesisi ina hoja nzito, kwa kuwa ndiyo inayoamua jinsi gari linavyokwenda, ingawa jicho la mwenye gari hutambua bodi.

Sheria hukabiliwa na ugumu uo huo: nchini Marekani, ambako tangu mwaka 1981 kila gari jipya hupewa namba ya utambulisho yenye herufi na tarakimu 17, muungano huu huweza kubeba namba mbili, na mamlaka hulazimika kuamua gari litambulishwe kwa namba ipi. Uamuzi huo huondoa utata wa umiliki, lakini haugundui ukweli uliojificha ndani ya chuma, kwa sababu utambulisho wa vyombo hutegemea pia makusudi ya wanaovitumia.