Msiguse Vali Baada ya Magharibi

Wanangu mnaofuga samaki na kupanda mimea ndani ya vioo, sogeeni niwaambie neno lililonigharimu.

Nilikuwa na tangi la lita 120, mimea imeshonana hadi changarawe haionekani. Kila mgeni aliyeingia sebuleni alilisifu. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji: usiku mmoja, nikitamani majani yazidi kuwa mekundu, nilifungua zaidi kidogo vali ya hewa ukaa inayolisha mimea, nikazima taa, nikalala. Alfajiri niliwakuta samaki wangu wote 18 wanaelea matumbo juu. Maji yalikuwa maangavu, hayana harufu. Watu wa Goma, mashariki mwa Kongo, wanaijua hewa ukaa, iliyowaua samaki wangu. Huko hutoka ardhini na kutuama mabondeni, maana ni nzito kuliko hewa tuivutayo, na aingiaye humo huanguka. Wao huiita mazuku. Kwa samaki, tangi ni bonde lisilo na njia ya kutokea.

Kosa langu lilianza mapema. Nilisikia kwamba kiputo kimoja cha hewa hiyo kwa sekunde chatosha na viwili ni bora, nikadhani nimepewa kipimo. Ukubwa wa kiputo hutegemea tundu la mrija na kimiminika kilichomo kwenye kikombe cha kuhesabia, kwa hiyo kiputo cha jirani si lazima kilingane na chako. Tena, si hewa yote iingiayo hubaki: uso wa maji ukivurugwa sana, nyingi hutoroka. Hesabu ya viputo ina kazi moja, kukuonyesha kama leo umefungua sawa na jana. Basi hesabu dakika nzima kwa saa, uandike daftarini. Usikadirie kwa jicho.

Kipimo chenyewe kimo majini. Tundika tangini kichupa cha rangi, ukitie dawa ya pH na maji yaliyotengenezwa maalumu yenye ugumu wa kaboneti wa nyuzi 4. Usitie maji ya tangi. Rangi ikiwa buluu, hewa ukaa ni kidogo. Ikiwa kijani, imekaribia miligramu 30 kwa lita, na hapo mimea mingi hushiba. Ikiwa njano, samaki wamo hatarini. Ila kichupa husimulia yaliyokuwa saa moja au mbili zilizopita, kwa hiyo kipe shahidi wa pili. Chota bilauri ya maji ya tangi, yaache siku nzima yatoe hewa yake, kisha linganisha pH yake na ya tangi wakati taa zinawaka. Tofauti ya 1, tuseme kutoka 7.4 hadi 6.4, maana yake hewa ukaa tangini ni mara 10 ya ile ya bilauri.

Ukitaka kurekebisha, chagua asubuhi ya siku utakayoshinda nyumbani. Kama ni viputo 60 kwa dakika, nenda 70, kisha ondoa mkono hadi kesho. Fungua gesi saa moja au mbili kabla ya kuwasha taa, uifunge saa moja kabla ya kuzizima. Gizani mimea haitumii tena hewa hiyo. Nayo hupumua kama samaki, ikila oksijeni na kuongeza hewa ukaa. Sisi ambao umeme hukatika bila taarifa, tununue vali inayojifunga umeme ukikatika, hata kama itatuchelewesha mwezi mzima kuanza. Ukiwa na vali ya mkono tu, umeme ukienda pampu husimama, maji hutulia, na gesi huendelea kuingia.

Zaidi ya vyote, tazameni samaki. Wakipanda juu kuhema, matamvua yakienda mbio, usingoje rangi igeuke: funga gesi, washa pampu ya hewa ya betri au koroga uso wa maji kwa mkono, kisha badilisha sehemu ya maji. Mmea uliopungukiwa hewa leo utakusubiri hata wiki mbili. Samaki hana usiku mmoja wa kukusubiri.

Tangu alfajiri ile mkono wangu haujagusa vali baada ya magharibi. Nanyi, wanangu, msiiguse.