Akiba ya Nuru

Tarehe 7 Juni mwaka 2016 tumbili mmoja alipanda juu ya paa la kituo cha umeme cha Gitaru, kando ya mto Tana kusini mwa Embu, akaangukia transfoma. Mitambo mingine ikalemewa, na Kenya nzima ikaingia gizani kwa saa kadhaa. Tumbili alipona. Watu walicheka sana, lakini nuru ya mamilioni ilikuwa imetungikwa mahali pamoja, kama kibuyu cha nyumba nzima juu ya msumari mmoja.

Hata hivyo mto ule ni ghala la watu wote. Tangu mwaka 1981 maji ya Mlima Kenya na Nyandarua huzuiwa Masinga, yakafunguliwa wakati wa haja; na maji yale yale huzungusha mitambo ya Kamburu, Gitaru, Kindaruma na Kiambere kwa zamu. Hiyo ni akiba ya taifa. Je, kila nyumba nayo iweke yake?

Akiba ya nyumbani ni ya namna mbili. Moja hufungwa ukutani na fundi, ikaunganishwa na nyaya za nyumba. Ina nguvu, lakini yamfaa mwenye ukuta. Ya pili ni sanduku la betri lichomekwalo katika soketi kama pasi: umeme ukiwapo hujaa, ukikatika hutoa. Lile dogo haliwezi kuchemsha maji, lakini taa, redio na simu hazilishindi.

Mpangaji hana ukuta. Mimi nimepanga chumba mjini Meru, nikanunua sanduku. Nikihama nitalibeba pamoja na vitabu vyangu. Nilidhani hesabu imekwisha.

Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 umeme ulikatika tena karibu nchi nzima. Jirani yangu, mama mwenye binti wa kidato cha nne, alibisha hodi.

"Mwalimu, samahani. Mtoto alikuwa anasoma. Huwezi kutuazima lile sanduku hata saa moja?"

Nilimjibu kwamba limepungua. Kweli lilikuwa limepungua, lakini si kwa kiasi hicho.

Betri ya ukutani humpa mwenyewe udhuru, maana hakuna jirani aombaye ukuta. Kibebekacho huombwa, na kiombwacho hudai jibu. Mtaniambia nilikinunua kwa mshahara wangu, na giza halikuwa kosa langu. Nakubali. Lakini haki ya kukataa haikunipa haki ya kusema uongo. Na hata kama ningesema kweli, ningekuwa nimekaa peke yangu katika nuru itoshayo watu watatu. (Tena nahofu jambo jingine: wenye masanduku wakiwa wengi, nani atalalamika nguzo zikianguka?)

Asubuhi tulikutana bombani. "Umeamkaje, Mwalimu?" Nikamwuliza binti alisoma hata saa ngapi. Akasema mshumaa uliisha, wakalala.