Amana ya Mwandiko

Mtu ahamishaye mwandiko wa karatasi kuutia katika kishikwambi hudhani kuwa kazi yake ni ya jicho na kidole tu. Kumbe kazi hiyo ina hukumu ndani yake, na hukumu hutaka dhamiri.

Hati kongwe za Kiswahili zilizoandikwa kwa herufi za Kiarabu zatoa ushahidi. Katika mtindo wa zamani kasra ilisimama mahali pa e na pa i. Herufi ya ba ilibeba sauti ya b, ya p, na hata ya mb. Basi umbo moja la neno laweza kuwa bibi, laweza kuwa pembe. Msomaji wa zama zile hakutaabika sana, kwani aghalabu utungo aliujua kwa moyo. Mhamishaji wa leo hana msaada huo, na herufi za kioo hazipokei neno lenye nyuso mbili. Lazima achague, akiisha kuchagua, shaka yake hufutika, na asomaye baadaye haoni kuwa mtu alisita hapo.

Kukosea si hatia. Hakuna mnakili asiyekosea. Hatia ni kukisia kisha kuvika kisio vazi la yakini. Aiwekaye picha ya hati ubavuni mwa maandishi mapya, akatia alama penye shaka, humrithisha mwenziwe swali pamoja na jibu, ijapokuwa ukurasa wake hautapendeza macho.

Daftari la mwanafunzi nalo lina hali hiyo. Neno lililokatwa, na jingine kuandikwa juu yake, huonyesha njia iliyopitwa na fikira. Chapa hubakiza lile la juu peke yake.