Ushuhuda wa Aliyepona

Je, Mkristo aliyenusurika bomu ana haki ya kusema, "Mungu aliniokoa," huku mwenzake wa meza ya pili akizikwa? Swali hili nimelibeba muda mrefu. Nikiliuliza mbele ya vijana wenzangu kanisani naambiwa, "We acha maswali, mshukuru Mungu." Haya, namshukuru. Lakini swali lingali pale pale.

Nalileta kwenu wasomaji kwa sababu sisi wa mjini tumesikia ushuhuda wa namna hii mpaka tumeuzoea. Mtu anasimama, anaeleza jinsi matatu ilivyomchelewesha, au jinsi mkubwa wake wa kazi alivyomtuma posta dakika ya mwisho, na kumbe huko kuchelewa ndiko kupona kwake. "Mungu ana kusudi na mimi," anamalizia. Tunapiga makofi, na mimi napiga. Sasa yule ambaye hakuchelewa je? Yule aliyedamka, akawahi kazini kama mtu mwaminifu, akafia mezani pake? Huyo Mungu hakuwa na kusudi naye?

Tuchukue siku moja tunayoijua. Ijumaa, tarehe 7 Agosti 1998, yapata saa nne na nusu asubuhi, lori lililosheheni baruti lililipuliwa nyuma ya Ubalozi wa Marekani jijini Nairobi, pale zinapokutana barabara za Moi na Haile Selassie. Karibu wakati uo huo bomu jingine likalipuka kwenye ubalozi wa nchi hiyo Dar es Salaam. Nairobi walikufa watu 213, Dar es Salaam 11, na maelfu wakajeruhiwa. Waliolengwa walikuwa Wamarekani, lakini katika wale 213 Wamarekani walikuwa 12 tu. Wengine walikuwa watu wa kawaida kama mimi nawe: makarani, wapita njia, abiria wa basi, wanafunzi wa uhazili katika Ufundi House, jumba lililoporomoka lote. Walikuwemo Wakristo, walikuwemo Waislamu.

Linalonitisha zaidi katika habari ile ni madirisha. Kabla ya mlipuko mkubwa ulisikika mdogo, wa guruneti. Watu maofisini wakafanya ambalo hata wewe ungelifanya: wakakimbilia dirishani kuchungulia. Mlipuko wa pili ukawakuta hapo, vioo vikawaingia machoni, wengine wakapofuka kabisa. Aliyeona uvivu kuinuka kitini akabaki na macho yake. Jamani, hapo dhambi iko wapi na thawabu iko wapi?

Chini ya kifusi cha Ufundi House walikuwemo mwanamke na mwanamume waliokuwa wakisemezana gizani. Mwanamke alimtia mwenzake moyo asikate tamaa. Mwanamume akatolewa akiwa hai. Waokoaji wakaendelea kumchimbua mwanamke, nchi nzima ikingoja habari njema. Walipomfikia alikuwa ameshafariki. Mtu asije akaniambia kwamba mmoja alipendwa zaidi. Kama ni kupima imani, basi tumpime yule aliyekuwa akigawa tumaini huku yeye mwenyewe akiishiwa pumzi.

Biblia yetu, tukiisoma bila haraka, inatukataza mahesabu haya. Rafiki za Ayubu waliketi naye kimya siku saba, na hapo walifanya vyema. Waliharibu walipofungua midomo kumweleza sababu. Na katika Injili ya Luka, sura ya 13, Yesu anataja mnara wa Siloamu ulioanguka ukaua watu 18. Anawauliza wasikilizaji kama wanadhani wale 18 walikuwa wakosaji kuliko wakazi wengine wote wa Yerusalemu, kisha anakataa katakata. Papo hapo anawageuzia wao maneno, watubu. Mimi naelewa hivi: msiba wa jirani haunipi siri yoyote juu ya jirani. Unanikumbusha habari zangu mwenyewe, kwamba na mimi nitakufa, na saa siijui.

Mtu atasema nachambua maneno ya watu wanyonge wanaoshukuru tu. Hapana. Kuna hatari hapa. Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, magaidi wa Al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Baadhi ya waliouawa walikuwa wamekusanyika kusali. Bunduki mkononi, wauaji waliwatenga wanafunzi kwa dini zao, na mwisho wa siku watu 148 walikuwa wamekufa. Mwuaji yule aliamini anaijua orodha ya Mungu: huyu aishi, huyu afe. Kati yake na muumini anayetoa ushuhuda pana umbali mkubwa, kwa kuwa mmoja ameua na mwingine amelia. Ila nami nikisimama juu ya kifusi nikadai najua kwa nini Mungu alimwacha huyu akamchukua yule, nitakuwa nimeanza kuisoma orodha ile ile.

Tena ukweli unaniaibisha kidogo, maana mfano mzuri wa kuikataa orodha hiyo nimeupata kwa Waislamu. Mwezi Novemba 2014 magaidi walisimamisha basi lililotoka Mandera, wakawatenga abiria wasio Waislamu, wakaua watu 28. Desemba 2015 wakasimamisha basi jingine, lililokuwa likielekea Mandera. Safari hii abiria Waislamu walikataa kutengwa na wenzao. Wanawake waliwapa abiria Wakristo mitandio wajifunike. Waliwaambia wauaji ama wawaue wote ama wawaache wote. Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi pale, akafariki hospitalini Januari 2016. Hakuna aliyeuliza Mungu amemchagua nani. Walikubali tu kuwa abiria wa basi moja.

"Sasa kama kuomba hakumkingi mtu, tunaomba ya nini?" Swali la haki. Wale vijana watatu wa kitabu cha Danieli walimjibu mfalme kwamba Mungu wao aweza kuwaokoa na tanuru, na hata asipowaokoa, sanamu hawataiabudu. Imani yao haikuwa na bei. Nami naomba ili nisiwe peke yangu, liwe jua, iwe mvua, na kifusi kikiniangukia nikute moyo wangu umeshazoea kumsemesha mtu wa pembeni.

Kwa hiyo simnyimi mtu shukrani. Aseme, "Niko hai, asante Mungu," akomee hapo. Kisha mahali pale pale tumpishe na mjane ambaye mumewe aliwahi kazini, na aliyepoteza macho dirishani, nao watoe ushuhuda wao, hata kama hauna mwisho wa kupigiwa makofi. Na tuwasikilize bila kuwatafutia sababu.

Uhai wenyewe ndio huu: unainuka kwenda dirishani, basi. Aliye karibu nawe leo, mkopeshe moyo. Deni la jana mlipe. Mengine yote, juu ya nani apone na nani asipone, mimi nimeyaacha kwa mwenyewe.