Ukikutana na Mliosoma Pamoja, Umemweka Wapi Mwenzi Wako?



Mwaka wa 1989 wanafunzi wa Kenya walifanya mtihani wa KCSE kwa mara ya kwanza. Vijana wale leo wamepita umri wa miaka hamsini, na baadhi yao ni babu na nyanya. Siku hizi wanatafutana kwa simu, wanaunda vikundi vya WhatsApp, wanachangiana wakati wa matanga, na mwezi wa Desemba wanakutana kula nyama. Pengine nawe una kikundi kama hicho, hata ikiwa ulimaliza shule miaka mingi baada yao.

Jambo hilo ni jema. Mtu mliyegawana naye sahani moja ya githeri bwenini hawi mgeni kamwe. Lakini kuna swali moja ambalo haliepukiki mnapokutana: “Siku hizi unafanya nini?” Je, wewe hujibu namna gani?

Bwana mmoja na mkewe walinieleza yaliyowapata. Bwana huyo alikuwa karani, akapoteza kazi. Kwa miaka miwili jamii yao imeishi kwa kibanda cha mboga. Yeye huenda sokoni alfajiri kununua sukuma wiki na nyanya, na mkewe huuza mpaka usiku. Karo ya watoto hutoka hapo. Basi walipoalikwa kwenye mkutano wa wenzake wa shule, wakaenda pamoja. Alipoulizwa habari za kazi, bwana akajibu, “Bado niko ofisini. Juzi tu nimepandishwa cheo.” Na mkewe je? “Huyu yuko nyumbani tu.”

Mama yule hakusema lolote. Walipanda matatu, wakashuka, wakatembea hadi mlangoni. Hapo ndipo alipouliza, “Kumbe hicho kibanda kinachotulisha ni aibu kwako?”

Bwana alijitetea kwamba hakumwibia mtu, wala hakuna aliyeumia. Je, ni kweli?

Tukumbuke tulivyolelewa. Kila mwisho wa muhula tulipangwa kuanzia wa kwanza hadi aliyeshika mkia, na mzazi aliangalia nambari kabla ya kusoma maneno ya mwalimu. Wengi wetu hatujatoka katika darasa lile. Tunapokutana tunatafuta nambari zetu tena: nani ana gari, nani amejenga, watoto wa nani wanasoma ng’ambo. Bwana huyu alikuwa miongoni mwa watatu wa kwanza enzi zile. Hakutaka kushika mkia uzeeni. Namhurumia, kwa maana nami najua uchungu wa kuulizwa swali hilo wakati mfuko ni mtupu.

Hata hivyo, ndoa si mtihani wa mtu mmoja. Tangu siku ya arusi maisha yako ni ya watu wawili, na anayedanganya juu ya maisha yake humdanganyia mwenzake pia. Mtakatifu Petro alipokuwa akiota moto uani kwa kuhani mkuu, alitaka tu kukaa salama kati ya watu. Kumbe maneno yake machache yalikuwa yanamkana Rafiki yake. Vivyo hivyo, bwana yule alidhani anaficha umaskini wake, kumbe alikuwa anaikana mikono ya mkewe. Basi aliyeumia yuko, na alikuwa ameketi kando yake.

Je, tueleze kila kitu? La hasha. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotolewa mwaka wa 1992, inapofafanua amri ya nane inafundisha kwamba hakuna anayelazimika kumfunulia ukweli mtu asiye na haki ya kuujua. Ugonjwa wa mkeo, deni la mumeo, mtoto aliyepotoka: hayo ni ya nyumbani. Kunyamaza ili kumsitiri mwenzio ni upendo. Kusema uongo ili ujipandishe wewe ni jambo jingine kabisa. Na anayemsengenya mwenzi wake mbele ya rafiki wa zamani, akidhani huyo ndiye anayemwelewa, akumbuke kwamba rafiki huyo alimjua akiwa na miaka kumi na saba. Hakuwako usiku wa hospitalini.

Basi, kabla hamjaondoka nyumbani, pataneni mtakalosema na mtakaloliacha. Mtambulishe mwenzi wako kwa heshima, na kazi yake uitaje. Ukienda peke yako, ukirudi simulia mliyozungumza. Neno usiloweza kulirudia mezani kwako, afadhali usingelisema.

Bwana yule alihudhuria mkutano uliofuata pamoja na mkewe. Akasimama akasema, “Mimi na mama huyu tunauza mboga, na watoto wanasoma.” Baadaye mwenzake mmoja alimvuta kando, akamnong’oneza kwamba naye hana kazi tangu mwaka wa 2020, na kwamba hata mkewe bado hajamwambia.

Mazungumzo ya wawili: Jioni ya leo, watoto wakishalala, ulizaneni: Mimi hukutaja vipi mbele ya rafiki zangu? Je, kuna siku nilikuonea aibu? Kisha salini pamoja Baba Yetu.