Wema Hurudi Kuangalia



Jumapili moja baada ya ibada, tukiwa tumeketi kivulini, kijana mmoja alituuliza sisi wazee swali. Mtu akitenda jambo kwa nia njema, kisha jambo lile likaleta madhara, je, ametenda wema au ametenda ubaya? Wengi walijibu upesi kwamba Mungu hutazama moyo, na moyo ukiwa safi basi yatosha. Sisi hatukusema neno siku ile. Tulilichukua swali hilo hadi nyumbani, hapa Gombani, tukalala nalo na kuamka nalo, na leo twaomba nafasi katika gazeti letu tulijibu.

Yafaa tuanze na kosa letu wenyewe. Tulipotoka chuo cha ualimu tukiwa vijana, tuliamini kuwa mtoto asinziaye darasani ni mvivu, na kwamba dawa ya uvivu ni bakora. Katika miaka ya 1980 tulikuwa na mwanafunzi mmoja, mtoto wa mkulima wa muhogo. Alikuja shule pekupeku, uso umepauka, na akipanda kilima kidogo alihema kama mzee. Alisinzia kila siku, nasi tulimchapa, tena si mara moja. Hatukumchukia. Tulitaka asome, apate maisha yaliyo bora kuliko ya baba yake. Siku moja mama yake alikuja akasimama mlangoni mwa darasa, asiingie. Akasema, "Mwalimu, mwanangu si mvivu. Mwanangu hana damu."

Alikuwa ametoka naye hospitali, na huko ameambiwa mtoto ana safura. Alipewa dawa ya minyoo na vidonge vya kuongeza damu, na baada ya miezi michache yule mtoto alikuwa akiwashinda wenzake mbio. Nia yetu ilikuwa njema, lakini mgongo wa mtoto ulikuwa na alama. Tulimwomba mama radhi, naye alitusamehe. Sisi wenyewe hatujasahau.

Safura, kama mjuavyo, ni ugonjwa wa mwili na wa maisha kwa pamoja. Minyoo ile hukaa katika udongo uliochafuliwa na kinyesi, hupenya ngozi ya mguu usio na kiatu, kisha hushuka tumboni na kunyonya damu siku baada ya siku. Watafiti waliowapima wanafunzi wa Pemba katika miaka ya 1990 waliona kuwa minyoo hii ni sababu kubwa ya watoto wetu kupungukiwa na madini ya chuma, ambayo ndiyo mwili hutumia kutengeneza damu. Kwa hiyo mtu atakaye kujua kwa nini damu ya mtoto ni hafifu hawezi kutazama damu peke yake. Hana budi kuuliza pia kama nyumbani kuna choo, kama kuna viatu, na kama kuna kitoweo.

Tangu siku ile tuliamini sana vidonge vya chuma. Kama mtu angetuuliza, tungemwambia wapewe watoto wote, wagonjwa kwa wazima, kwani chuma kina ubaya gani? Wala hatukuwa peke yetu. Wakubwa wa afya duniani walikuwa wakishauri vivyo hivyo, kwamba mahali ambapo upungufu wa damu ni mwingi watoto wadogo wapewe chuma bila kuchaguliwa.

Basi, jirani yetu pale Wawi kuna maabara ya afya ya jamii iliyopewa jina la Ivo de Carneri, profesa wa Italia aliyeshughulika na magonjwa ya vimelea. Ilifunguliwa mwaka 2000. Mwezi wa Januari mwaka 2002, wataalamu wa Zanzibar pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins cha Marekani walianza hapa Pemba uchunguzi mkubwa juu ya jambo hili. Watoto wenye umri wa mwezi 1 hadi miezi 35 waliwekwa katika makundi kwa mfano wa kura. Kundi moja lilipewa chuma na asidi ya foliki, la pili lilipewa hayo pamoja na zinki, na la tatu lilipewa kidonge kisicho na dawa. Wala mzazi wala mpimaji hakujua mtoto gani anapata kipi. Watoto 24,076 wa kisiwa chetu waliingia katika hesabu ile. Baadhi yao leo ni vijana tunaokutana nao sokoni.

Wengi walitarajia kuona chuma kikiokoa maisha. Lakini tarehe 19 Agosti 2003, kwa ushauri wa kamati iliyowekwa kulinda usalama wa watoto, utoaji wa chuma ulisimamishwa. Watoto waliopewa chuma walikuwa wakifa au kuugua hata kulazwa hospitali kwa asilimia 12 zaidi kuliko wale waliopewa kidonge kitupu. Vifo peke yake vilizidi kwa asilimia 15, ingawa hesabu hiyo ya vifo haikutosha kuondoa uwezekano wa kuwa imetokea kwa bahati tu. Matokeo yalichapishwa mwaka 2006 bila kufichwa. Uchunguzi wa namna hiyo hiyo ulifanywa Nepal, mahali pasipo na malaria nyingi, na huko chuma hakikuonekana kudhuru. Kidonge kilikuwa kimoja, nchi mbalimbali, na matokeo mbalimbali.

Kwa nini iwe hivyo? Hapa twaomba mtuvumilie kidogo, maana ualimu hauachi mtu. Katika ini, katika bandama na ndani ya mifupa mna chembe nyeupe ambazo kazi yao ni kula. Hula vijidudu, na pia hula chembe nyekundu zilizochakaa, kwani chembe nyekundu huishi siku 120 hivi tu. Chuma kilichomo humo hawakitupi. Hukirudisha katika damu kikatumike tena. Lakini vijidudu vya maradhi navyo vyahitaji chuma ili vizaliane. Kwa hiyo mwili ukiingiliwa na maradhi, ini hutoa kitu kiitwacho hepsidini, nacho huufunga mlango. Chuma hubaki kimefungiwa ndani ya zile chembe nyeupe, na ule utokao katika chakula hupunguzwa. Ni kama mama mwenye nyumba asikiaye kuwa mwizi yupo mtaani: huifunga ghala ingawa watoto wake nao watakula kidogo usiku ule.

Sasa fikirini mgeni mwenye huruma aliyewaona watoto wale wana njaa, akamwaga nafaka uani bila kumwuliza mama kwa nini ghala imefungwa. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi mno. Mtoto mwenye upungufu wa chuma ana udhaifu wake, lakini katika upungufu ule mna kinga kiasi dhidi ya malaria. Katika kundi dogo la watoto waliopimwa damu na kutibiwa malaria kwa uangalifu, wale waliopungukiwa na chuma kweli kweli walinufaika na vidonge. Haikuwa kwamba chuma ni sumu. Ubaya ulikuwa katika kuwapa wote bila kujua nani anahitaji, na bila kumfukuza mwizi kwanza.

Tukirudi kwa swali la kijana wetu, kuna watu hapa kisiwani wasemao, "Watoto wetu walifanywa vyombo vya kujaribia." Neno hili tusilipuuze, maana mwenye kulisema ana uchungu wa mzazi. Nasi twakiri kuwa kila mtoto aliyeumia katika kundi lile alikuwa na jina na mama. Hata hivyo twauliza: kama uchunguzi usingefanywa, ingekuwaje? Vidonge vile vingegawiwa kwa watoto wote, hapa na katika nchi nyingi za malaria, kwa nia njema kabisa. Wangeugua wengi zaidi, wengine wangekufa, na sisi tungewazika tukisema ni amri ya Mungu, wala asingekuwapo mtu wa kujua. Madhara yangekuwa makubwa zaidi, na yangekuwa bubu.

Kwa maoni yetu, hapo ndipo jibu lilipo. Nia njema ni mbegu ya wema, haijawa wema wenyewe. Wema hukamilika mtu anaporudi kuangalia kile alichokitoa kimefanya nini. Msamaria tunayemsoma katika Injili hakuishia kumfunga mtu yule majeraha na kumfikisha nyumba ya wageni. Alimwahidi mwenye nyumba kuwa atarudi. Twasifu mafuta na divai yake, twasahau ahadi yake ya kurudi. Wale wataalamu walioweka kundi la pili na la tatu, wakahesabu, wakaona kuwa walichokitumaini si kweli, wakasimama na kukiri mbele ya ulimwengu wote, walirudi. Sisi tuliomchapa yule mtoto hatukurudi. Alitujia mama yake.

Lakini kurudi kuna deni jingine. Mtu aliyetoa damu ya mwanawe ana haki ya kuelezwa kwa lugha yake, kabla na baada, tena bila kudharauliwa kwa kuwa hakusoma. Mchunguzi yeyote ajaye mlangoni petu, awe mgeni au mtoto wa hapa, na amkalishe mzazi, amweleze anachokitafuta, na akipate asipate, arudi amwambie. Kukubali kwa mtu asiyeelewa si kukubali. Nasi wazazi tusione haya kuuliza. Kuuliza si ukosefu wa adabu.

Faida ya uchungu ule haikupotea. Shirika la Afya Duniani lilibadili ushauri wake. Tangu mwaka 2006 lilionya dhidi ya kuwapa chuma watoto wote bila kuchagua katika nchi za malaria, na mwongozo wake wa mwaka 2016 unasema chuma kiende pamoja na kuzuia, kupima na kutibu malaria. Hapa Zanzibar dawa mseto zilianza mwaka 2003, vyandarua na upuliziaji wa dawa majumbani vikaenea mwaka 2006, na malaria ikashuka sana. Mwizi amefukuzwa kwa sehemu kubwa, ingawa hajahama, na ghala zaweza kufunguliwa kwa amani zaidi. Kuna watoto wa nchi za mbali walio hai leo kwa sababu ya watoto wa Pemba, wala hawajui kuwa kuna mahali paitwapo Pemba.

Ndugu zangu, si wote tutakaopima damu. Lakini kila mmoja wetu hutoa kitu: sadaka, ushauri kwa wanandoa, adhabu kwa mtoto, dawa ya kienyeji kwa jirani, nguo kuukuu kwa yatima. Tumezoea kutoa na kwenda zetu, mioyo yetu imefurahi. Wiki hii na tujaribu jambo moja. Twende kwa mtu tuliyemtendea wema mwaka jana, tubishe hodi, tumwulize kwa upole, "Je, lile jambo lilikufaa?" Kisha tunyamaze, tusikilize jibu, hata likiwa chungu.