Katika Kuhesabu Viumbe

Mtu apitaye msitu wa Malheur, katika milima ya Oregon huko Marekani, majira ya mvua za vuli, akaona uyoga wa rangi ya asali umechipuka penye mashina ya misonobari, hapa fungu na mbali kule fungu jingine, hatasita kusema kuwa ameona maelfu. Kumbe wataalamu waliotwaa vipande vyake kutoka pande za mbali na kuviotesha pamoja katika visahani waliviona vikishikamana pasi na mpaka, ilhali vya asili mbalimbali hujitenga, wakahukumu kuwa ni kiumbe mmoja tu, aliyeenea hekta 965, na umri wake hukadiriwa kuwa baina ya miaka 1,900 na 8,650. Mwili wake hasa ni nyuzi nyeusi mfano wa kamba za viatu, zipitazo ardhini kutoka mzizi hadi mzizi, na utando mweupe ujitandazao chini ya gome hata mti ukafa.

Na katika jangwa la Ténéré, nchini Niger, ulikuwako mgunga ambao misafara ya chumvi baina ya Agadez na Bilma iliufanya alama ya njia, na Watuareg wakauheshimu wasiukate kuni. Nani asingeuhesabu kuwa ni mmoja? Lakini kisima kilipochimbwa karibu yake, katika 1938 na 1939, mizizi yake ilikutwa imeyafikia maji yaliyo kina cha mita 30 na zaidi, nao ulikuwa baki la migunga iliyostawi zama ambazo nchi ile haijakauka kiasi hicho. Upweke wake, basi, haukuwa tabia yake, bali msiba wake.

Atauliza muulizaji: nyuzi za uyoga zikikatwa, na kila upande ukaishi, je, ni mmoja bado? Swali hili naliona zito, nami hulijibu kwamba umoja wa kiumbe si idadi, bali ni amali ya kushikamana, idumuyo maadamu inatendwa, na ikomapo, umoja nao hukoma. Ndiyo sababu, mgunga ule ulipoangushwa na lori mwaka 1973, mabaki yake yakapelekwa makumbusho ya Niamey na mahali pake pakasimikwa mti wa chuma, siwezi kuukubali mti huo kuwa badala yake: njia unaionyesha, lakini haushikamani na chochote kilicho chini yake.